Lenzi Mpya au Lenzi Uliyonayo?



Nimekusudia leo kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wapiga picha hulijadili mara nyingi kwa moyo na mara chache kwa hesabu. Mtu anayo lenzi ya kamera iliyomtumikia miaka kadhaa, haijavunjika wala haijamwaibisha mbele ya wateja wake. Kisha mtengenezaji yule yule akatoa toleo jipya la lenzi ile ile, lenye jina lile lile na tarakimu moja zaidi mwishoni mwa jina. Je, auze ya kwanza, aongeze fedha, apate ya pili, au abaki na aliyo nayo? Kwa asiyekuwamo katika kazi hii swali huonekana dogo. Lakini kwa kijana anayepiga picha za harusi Mombasa, kwa mwandishi wa habari anayewangoja wachezaji kando ya uwanja Dar es Salaam, na kwa mwenye studio ndogo Unguja, lenzi moja yaweza kuwa na thamani ya mapato ya miezi mingi, na fedha iliyokwenda huko haiwezi tena kwenda kwenye kodi ya duka, wala kwenye karo ya mtoto, wala kwenye taa ambayo pengine ndiyo hasa iliyokuwa ikihitajiwa.

Jawabu langu nitalitanguliza, kisha nitalitolea hoja. Toleo jipya aghalabu ni bora kuliko lile lililotangulia, na kwa hiyo ubora peke yake haumtoshi mnunuzi kuwa sababu. Linastahili kununuliwa pale mpiga picha anapoweza kutaja, kwa ithibati ya picha zake mwenyewe, kasoro moja ambayo lenzi yake humletea mara kwa mara, na akaweza kuonyesha kwamba kasoro hiyo hiyo ndiyo iliyorekebishwa katika toleo jipya. Akikosa moja katika mambo haya mawili, amekuwa kama mtu anywaye dawa kabla ya kuujua ugonjwa: huenda dawa ni njema na ya ghali, wala haina faida kwake.

Mtu asidhani kwamba nasema haya kwa kuudharau ujuzi wa mafundi wa vioo. Historia ya sanaa hii imejaa siku ambazo lenzi mpya iligeuza kila kitu, na inafaa tuzitazame siku hizo, tupate kujua mageuzi ya kweli huwa ya namna gani. Mwaka 1839, uvumbuzi wa Daguerre ulipotangazwa mjini Paris, lenzi zilizotumiwa zilikuwa na tundu dogo, takriban f/15, zikiingiza nuru haba, hata mtu aliyetaka kupigwa picha ilimpasa kukaa dakika nyingi bila kujitikisa, na picha ya uso wa mwanadamu ikawa taabu kubwa. Mwaka uliofuata, 1840, Joseph Petzval, aliyekuwa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna, alikokotoa lenzi yenye tundu la f/3.6, ikatengenezwa na Voigtländer wa mji huo huo. Lenzi hiyo iliingiza nuru zaidi ya mara 15 kuliko zile za kwanza, na dakika zikapungua, na sanaa ya kupiga picha za watu ikaweza kuwa biashara. Basi zingatieni jambo hili: pembezoni mwa picha, lenzi ya Petzval haikuwa nzuri, ukali wake ulikaa katikati na kufifia kuelekea kingo. Mhakiki wa kingo angeweza kuikataa. Lakini uso wa mtu hukaa katikati ya picha, na maradhi ya wakati ule yalikuwa urefu wa muda, na maradhi hayo ndiyo yaliyotibiwa. Lenzi ilikuwa na aibu yake, tena ilikuwa ni neema, kwa kuwa ilijibu haja iliyokuwa ikijulikana na kila mtu.

Mfano wa pili ni wa namna nyingine. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss alibuni lenzi iliyoitwa Planar, yenye vipande sita vya kioo vilivyopangwa kwa usawa pande mbili za tundu. Kwa hesabu ilikuwa kazi aali. Kwa matumizi ilikuwa na msiba, kwani kila uso wa kioo kitupu unaogusana na hewa hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya nuru inayoufikia, na Planar ilikuwa na nyuso nane za namna hiyo. Zaidi ya robo ya nuru haikufika ilikokusudiwa, na sehemu ya nuru iliyopotea ilizunguka ndani ya lenzi, ikaangukia mahali pasipo pake na kuufanya weusi wa picha kuwa kijivu. Ubunifu ule ulingoja karibu miaka 40, mpaka Alexander Smakula, mwanafizikia wa Zeiss, alipovumbua mwaka 1935 njia ya kupaka juu ya kioo utando mwembamba mno unaozuia kurudi kwa nuru. Tangu hapo lenzi za vipande vingi zikawa na manufaa, na takriban kila lenzi tunayoitumia leo ni mrithi wa utando huo. Mchoro wa vioo haukuwa na kosa tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kitu ambacho jicho la mnunuzi haliwezi hata kukiona.

Nimewaletea mifano hii miwili kwa kuwa imebeba fundisho moja. Thamani ya badiliko haipimwi kwa wingi wa mambo yaliyobadilishwa, wala kwa ukubwa wa tangazo, bali kwa uzito wa kasoro iliyoondolewa. Na anayetaka kuijua kasoro iliyoondolewa hana budi kwanza kujua lenzi hubadilishwa wapi.

Mtengenezaji wa leo akitoa toleo jipya, mabadiliko huwa katika mambo manne. La kwanza ni vioo vyenyewe: idadi yake, mpangilio wake, na namna ya kioo kilichotumika. La pili ni tando zilizopakwa juu ya vioo. La tatu ni mitambo ya ndani, yaani mota inayosogeza vioo ili kuleta fokasi, na kitulizaji kinachopingana na mtikisiko wa mkono. La nne ni umbo: uzito, ukubwa, uimara wa kishikio kinachoungana na kamera, na mipira inayozuia vumbi na maji. Tangazo la biashara huyataja yote kwa pumzi moja, kana kwamba yote yamezaliwa upya. Mnunuzi mwenye hadhari huyatenganisha, akaliuliza kila moja peke yake: wewe umebadilika nini, na mimi yanihusu nini?

Na tulitazame hilo katika lenzi ambayo wapiga picha wengi wanaoanza hununua kabla ya nyingine yoyote, nayo ni lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1987, mwaka ule ule Canon ilipoanzisha kamera zake za EOS, nalo lilikuwa na kishikio cha chuma na kidirisha cha kuonyesha umbali. Toleo la pili likaja mwaka 1990: kishikio kikawa cha plastiki, kidirisha kikaondolewa, uzito ukashuka kutoka gramu 190 hadi gramu 130, na bei ikawa nafuu. Toleo la tatu, liitwalo STM, likatoka mwaka 2015: kishikio cha chuma kikarejea, mota ikawa mpya yenye sauti ndogo, mabapa ya tundu yakawa saba badala ya matano, na mpiga picha akaweza kumkaribia anayempiga hadi sentimita 35, pale ambapo zamani mwisho ulikuwa sentimita 45. Lakini katika miaka hiyo 28, mpangilio wa vioo ulibaki ule ule, vipande sita katika makundi matano.

Tazameni basi yaliyomo katika historia hiyo fupi. Toleo la mwaka 1990, ambalo kwa tarehe lilikuwa jipya, kwa uimara lilikuwa chini ya lile la 1987, na watu wengi walilitafuta lile la kwanza katika maduka ya vitu vilivyotumika kwa ajili hiyo. Mwenye toleo la pili ambaye kazi yake ni picha za nyuso mchana, tundu likiwa limefungwa hadi f/4, akihamia toleo la tatu atapata picha ambazo yeye mwenyewe atashindwa kuzitofautisha na za zamani. Lakini jirani yake anayechukua video za sherehe, ambaye kila mara mota ya toleo la pili inapozunguka husikika katika sauti iliyorekodiwa, huyo amepata tiba ya maradhi yake kwa bei isiyo kubwa. Naye mpiga picha za usiku, ambaye taa za nyuma ya bibi harusi hutoka katika picha zake zikiwa na pembe tano kwa sababu mabapa ni matano, ataona taa hizo zikikaribia kuwa duara. Lenzi ni moja, toleo ni moja, na hukumu ni tatu, na kila hukumu imetoka katika kazi ya mtu.

Tupande daraja twende kwenye lenzi za ghali, ambako kosa huumiza zaidi. Lenzi ya Canon ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu la f/2.8 ni chombo cha mkate wa kila siku kwa wapiga picha wa harusi, wa michezo na wa habari. Toleo lake lenye kitulizaji cha mtikisiko lilitoka mwaka 2001. Mwaka 2010 likatoka la pili, na hapo mafundi walifanya kazi ya dhati: vioo vilipangwa upya, kikaongezwa kipande cha floriti, vipande vya kioo mahsusi kinachozuia rangi kutawanyika vikawa vitano, kitulizaji kikaongezewa nguvu, na umbali wa kukaribia ukashuka kutoka mita 1.4 hadi mita 1.2. Mtu aliyekuwa akipiga kwa tundu lililo wazi kabisa, hasa kwenye mwisho wa milimita 200, aliona tofauti bila kuhitaji kuambiwa. Mwaka 2018 likatoka la tatu. Hilo nalo lilipokewa kwa matarajio makubwa, na kumbe vioo vilikuwa vile vile, vipande 23 katika makundi 19, na mambo makuu yaliyobadilika ni utando mpya wa kupunguza nuru inayorudi na utando mwingine unaofanya kioo cha mbele na cha nyuma kufutika kwa urahisi.

Je, toleo hilo la tatu lilikuwa bure? Hasha. Kwa mtu anayepiga picha za pwani jioni, jua likiwa mbele yake na jahazi likiwa kivuli, au anayepiga jukwaani ambako taa kali zinamwelekea usoni, utando huo una maana, na tumekwisha kuona katika habari ya mwaka 1935 kwamba utando si jambo la kupuuzwa. Lakini kwa mwenye toleo la 2010 ambaye taa ziko nyuma yake siku zote, kuuza na kuongeza fedha kulikuwa ni israfu. Na kwa aliyekuwa bado na toleo la 2001, ambaye picha zake za milimita 200 zilitoka laini kila mara, kununua lolote katika yale mawili kulikuwa ni busara, na kununua la 2010 lililotumika vizuri kulikuwa ni busara yenye nafuu. Tarakimu mwishoni mwa jina hueleza mpangilio wa kuzaliwa; ukubwa wa hatua kati ya toleo na toleo ni juu ya mnunuzi kuutafuta.

Yako pia matoleo ambayo faida yake kubwa si ndani ya picha. Kampuni ya Sony ilitoa mwaka 2016 lenzi yake ya milimita 70 hadi 200 ya f/2.8 yenye uzito wa gramu 1,480. Toleo la pili, la mwaka 2021, lina gramu 1,045. Ile ya milimita 24 hadi 70 ilishuka kutoka gramu 886 mwaka 2016 hadi gramu 695 mwaka 2022. Mtu anayepiga picha saa moja studioni, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu, gramu hizo hazimwambii kitu. Lakini mwulizeni aliyesimama tangu asubuhi ya akadi hadi usiku wa karamu, kamera mbili zikimning'inia mabegani, akipanda viti na kupiga magoti, atawaambieni kwamba katika saa ya mwisho mkono uliochoka hutetemeka, na kwamba picha zinazoharibika kwa uchovu ni picha zilizoharibika kweli. Hapa kasoro imo katika mwili wa mpiga picha, nayo ni kasoro halali ya kuhesabiwa, ingawa haionekani katika vipimo vya maabara.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo naiona kuwa moyo wa mazungumzo haya, nayo ni namna ya kuzihoji picha zako. Chukua kazi zako za mwaka mmoja, uzitenge zile ulizozikataa, yaani zile ambazo hukumpa mteja au ulimpa kwa shingo upande, na uzipange kwa sababu. Fungu la kwanza litakuwa la picha ambazo mtu alisogea naye akatoka na mkia wa ukungu. Hizo dawa yake ni mlango wa kamera kufunguka na kufungwa kwa kasi zaidi, na kwa hiyo nuru zaidi. Kitulizaji cha lenzi hakizifai, kwa maana kinatuliza mkono wako wewe na hakiwezi kumtuliza mchezaji anayekimbia wala mama anayecheza chakacha. Ukiwa na lenzi ya f/4 na ukahamia ya f/2.8, nuru huongezeka maradufu, na hiyo ni sababu. Ukihama kutoka f/2.8 ya zamani kwenda f/2.8 mpya, nuru ni ile ile.

Fungu la pili ni la picha ambazo kila kitu kimetikisika pamoja, nyumba na watu. Huo ni mkono. Kanuni ya wakongwe ilisema kwamba kwa lenzi ya milimita 200 mtu asishuke chini ya 1/200 ya sekunde, na anayeivunja kanuni hiyo kwa sababu ya giza la ukumbi, na vitu anavyovipiga vimetulia, huyo ndiye ambaye kitulizaji bora kitamsaidia. Fungu la tatu ni la picha ambazo fokasi imeangukia sikio badala ya jicho. Kabla hujaihukumu lenzi, zijaribu kamera na lenzi zikiwa juu ya miguu mitatu mbele ya kitu kisichosogea; kamera nyingi za kioo, yaani zenye kioo cha kurudisha taswira, zina marekebisho madogo ya fokasi kwa kila lenzi, na kasoro iliyodhaniwa kuwa ni ya uzee huweza kuondoka kwa dakika chache bila gharama. Fungu la nne ni la picha zilizopauka, weusi umekuwa kijivu, hasa jua likiwa mbele. Hapo utando wa kisasa una neno la kusema, lakini nitaeleza punde kwamba hata hapo yuko mshitakiwa mwingine. Na fungu la tano, ambalo wengi hulidhania kuwa kubwa na kumbe ni dogo, ni la picha ambazo fokasi ilikuwa sawa, mkono ulitulia, nuru ilitosha, na bado ukali haukutosha. Hilo peke yake ndilo fungu la vioo.

Na ukali wa kutosha ni upi? Hapa hesabu hutusaidia kuliko hisia. Picha ya kuchapishwa kwenye karatasi ya ukubwa wa A4, kwa kiwango cha vitone 300 kwa kila inchi, inahitaji pikseli takriban milioni 8.7. Kamera ya kawaida siku hizi hutoa milioni 24. Simu ambayo ndugu na marafiki watatazamia picha za harusi kwa kawaida haina zaidi ya milioni 3 katika kioo chake. Kwa hiyo tofauti ya ukali ambayo inaonekana kwenye kompyuta, picha ikiwa imekuzwa pikseli kwa pikseli na jicho likiwa karibu, mara nyingi haifiki kwa mteja hata kidogo. Zaidi ya hayo, lenzi ya zamani iliyo laini kwa f/2.8 hukaza ukali wake inapofungwa hadi f/5.6 au f/8, na hapo pengo kati yake na toleo jipya hupungua mno. Na zote mbili zikifungwa hadi f/22, zote mbili hulainika kwa sheria moja ya maumbile ya nuru, ambayo haijali tarehe ya kuzaliwa. Anayepiga mandhari au majengo ya Mji Mkongwe kwa f/8 ana sababu ndogo kuliko wote ya kuhangaika. Anayechapa mabango makubwa ya biashara kutoka kamera ya pikseli milioni 45 ana sababu zaidi, kwa kuwa kihisi chake huona makosa ambayo filamu ya zamani iliyasitiri.

Nilisema yuko mshitakiwa mwingine katika picha zilizopauka. Sisi tunaokaa mwambao tunaishi na adui wa lenzi ambaye watu wa nchi kavu na baridi humjua kidogo, naye ni unyevu. Hewa inapokuwa na unyevu unaozidi asilimia 70 kwa muda mrefu, kuvu huota juu ya kioo, ikitandaza nyuzi zake kama utando wa buibui, na ikiachwa huuchimba ule utando wa thamani tulioutaja, na hapo hakuna fundi wa kuurudisha. Chumvi ya bahari nayo hukauka juu ya kioo cha mbele, na vumbi la bara hupenya palipo na nafasi. Basi mtu aliyeona picha zake zikipauka mwaka hadi mwaka achukue tochi, aimulike lenzi kutoka nyuma akiwa gizani, atazame kutoka mbele. Akiona ukungu au nyuzi pembezoni, ajue kwamba lenzi yake haijapitwa na wakati bali imechafuka, na fundi aminifu huweza kuisafisha kwa sehemu ndogo ya bei ya lenzi mpya. Na huyo huyo akinunua toleo jipya na kulitia katika mkoba ule ule, katika kabati lile lile, atakuwa amelipeleka kwenye maradhi yale yale. Kasha lisilopitisha hewa lenye chembe za kunyonya unyevu, unyevu wake ukikaa kati ya asilimia 40 na 50, ni gharama ndogo inayolinda mali kubwa.

Kwa upande wa pili wa hoja hiyo, mazingira yetu huipa nguvu sababu moja ya kubadilisha, nayo ni mipira ya kuzuia vumbi na maji. Mtu afanyaye kazi juu ya mashua, au kwenye mbio za magari, au katika Maulidi ya Lamu ambako shughuli haingojei hali ya hewa, akiwa na lenzi isiyo na kinga hiyo na mwenziwe akawa nayo, tofauti itaonekana baada ya misimu michache. Aangalie pia kwamba baadhi ya lenzi zenye kinga hazikamiliki kinga yake mpaka chujio litiwe mbele. Na iko sababu nyingine ya haki: lenzi ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea vipuri. Ikiharibika mota yake katikati ya msimu wa harusi, na kipuri hakipatikani, chombo kimekufa, na mtu anayekitegemea kwa riziki ana haki ya kumtafuta mrithi wake kabla ya siku hiyo.

Wako wanaosema kwamba kuhama ni lazima sasa kwa sababu kamera zenyewe zimebadilika. Ni kweli kwamba mwaka 2018 Canon na Nikon zilianzisha kamera za kihisi kikubwa zisizo na kioo cha kurudisha taswira, zenye vishikio vipya, na kwamba juhudi za kubuni lenzi mpya zimeelekea huko. Lakini kampuni hizo hizo zilitoa adapta, na lenzi za EF, yaani zile za kamera za kioo za EOS, hufanya kazi juu ya kamera mpya za Canon kwa ukamilifu, fokasi na kitulizaji pamoja. Tena kamera hizo hulenga kwa kihisi chenyewe, hata lenzi ya zamani iliyokuwa ikikosea fokasi kwenye kamera ya kioo mara nyingi hurudi kuwa mwaminifu. Matokeo yake wengi wanauza lenzi nzuri za jana kwa bei ya chini, na huo ni wakati wa mnunuzi mwenye utulivu, ilimradi aje na tochi yake.

Linabaki suala la fedha na la majaribio. Lenzi ya Sony ya mwaka 2021 niliyoitaja ilitoka kwa bei ya karibu dola 2,800 za Marekani. Lenzi ya milimita 50 ya mwaka 2015 ilitoka kwa takriban dola 125. Kati ya mipaka hiyo miwili yako maisha ya biashara nyingi ndogo. Kwa hiyo namshauri yeyote anayetaka kutoa fedha kubwa akodi kwanza, au aazime kwa mwenziwe, na aende nayo kazini. Asiijaribu mbele ya ukuta wa matofali, bali katika ukumbi ule ule, kwa taa zile zile, mahali ambapo lenzi yake imekuwa ikimwangusha. Akirudi azihesabu picha za fungu alilolitenga. Zikiwa zimepungua kwa dhahiri, ana dalili. Zikiwa ni zile zile, ameokoa fedha nyingi kwa ada ya siku moja, na amegundua kwamba kasoro iko penginepo: katika taa asiyokuwa nayo, katika mahali anaposimama, katika kasi anayoichagua.

Wala sitaki kuwanyima haki wale wanaopiga picha kwa kupenda tu. Mtu ambaye hana mteja wala deni, ambaye fedha yake ni ya halali na familia yake imeshiba, akitamani chombo kizuri kwa kuwa ni kizuri, na akafurahi kukishika, hakuna kosa alilotenda. Neno langu kwake ni moja: aiite furaha kwa jina lake, asiipe jina la haja. Hatari huanza pale furaha inapovaa vazi la haja na kukopa fedha ya biashara.

Wasikilizaji wangu, kama mnataka neno la kuondoka nalo, basi ni hili. Mwenye kuweza kusema, kwa picha mkononi, lenzi yangu hunikosesha kitu fulani, na toleo jipya limebadilishwa hasa katika kitu hicho, na nimelijaribu nikaona, na awe wa kwanza kununua, wala asisikitikie fedha, kwa maana atairudisha katika kazi. Asiyeweza kukitaja kitu hicho na abaki na lenzi yake, aisafishe, aihifadhi pakavu, na fedha ile aitumie kwenye taa, au kwenye safari ya kwenda mahali ambapo pana picha asizowahi kupiga. Na miaka michache ijayo, toleo jingine litakapotangazwa, kama litakavyotangazwa, alifungue tena lile fungu la picha zilizokataliwa, aanzie hapo, ndipo asome tangazo.